Akaunti ya Barua Pepe na Arifa Zake: Hukumu na Adabu

Bismillahir Rahmanir Rahiim.

Akaunti ya barua pepe ni mfano wa nyumba: ina mwenyewe, ina mlango na hupigwa hodi.

1. Nenosiri
Ndio ufunguo. Aliyefunguliwa akaunti dukani abadilishe nenosiri siku hiyo hiyo. Ukitaka kuiacha laini ya simu, iondoe kwanza kwenye akaunti, kwani laini iliyoachwa huweza kupewa mtu mwengine.

2. Arifa
Barua za matangazo zinazokuchosha, bonyeza "Jiondoe". Usiyemjua mtumaji wake, usibonyeze kitu ndani yake. Kabla ya Sala zima sauti. Simu ikilia ukiwa ndani ya Sala, izime kwa harakati ndogo, isifike tatu za kufuatana. Sala yako haibatiliki.

3. Siri ya mwenzio
Kulijua nenosiri la mume au mke si idhini ya kusoma barua zake. Suratul Hujuraat aya ya 12 imekataza kupelelezana, na Suratun Nuur aya ya 27 imetuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Ama mtoto mdogo, mzazi ni mchunga wake. Amuangalie, na amwambie kuwa anamuangalia.

4. Baada ya kufa
Humo mna habari za madeni na amana za watu. Google huweza kuifuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2. Tunausia mtu aandike deni lake katika wasia, asiliache kwenye barua pepe peke yake.

Wallahu A'lam.