Dawa ya presha iliyozaliwa kwenye msako wa malaria

Barabara ya lami ya Tungamaa, Mkwaja hadi Mkange, kilomita 95.2, imezungumzwa sana kwa ajili ya watalii wa Saadani na malori ya Tanga. Mimi naiona kwanza kama njia ya mgonjwa. Mtu wa Mkange aliyepandwa na presha hadi haoni vizuri, au mama aliyeanza kukakamaa kwa kifafa cha mimba, akipewa rufaa ya Bagamoyo mjini hana budi kuvuka Mto Wami. Kabla hajavuka anahitaji dawa ya kuchomwa kwenye mshipa, ya kuilegeza mishipa ya damu iliyokaza. Iliyozoeleka zaidi kwetu ni haidralazini, na asili yake wengi hatujasimuliwa.

Haikuwa ya kwanza. Nitroprusaidi ilitengenezwa na mkemia Lyon Playfair katikati ya karne ya 19, ikakaa maabara hadi mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo ikajaribiwa kwa wenye presha. Marekani iliiidhinisha mwaka 1974. Hushusha presha ndani ya dakika chache, lakini mwanga huiharibu, chupa yake lazima ifunikwe, inaweza kuacha sumu ya sayanaidi mwilini, na mgonjwa haachwi bila kupimwa. Hiyo ni dawa ya wodi ya mahututi.

Kwamba dunia ilichelewa, ushahidi ni Rais Franklin Roosevelt wa Marekani. Daktari wake wa moyo, Howard Bruenn, alimpima Machi 1944 akakuta 186 kwa 108. Alichoweza kumpa ni dawa ya moyo, ya usingizi na chakula kisicho na chumvi nyingi. Aprili 12, 1945 mshipa ulipasuka kichwani, presha ikiwa imevuka 300 kwa 190. Mtu mwenye madaraka makubwa kuliko wote duniani alikufa kwa kukosa kitu ambacho leo kinakaa kwenye kichupa cha miligramu 20.

Wakati huohuo, mjini Basel, Uswisi, wanakemia wa kampuni ya Ciba walikuwa wakitafuta dawa ya malaria. Walichokipata hakikufaa kwa malaria, ila kilishusha presha. Hataza ilitoka mwaka 1949, na mwaka 1953 dawa ikaingia soko la Marekani kwa jina la Apresoline. Huwa nalifikiria jambo hili kila nipitapo Bagamoyo, mji ambao Taasisi ya Afya Ifakara iliushirikisha katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Malaria, iliyotuzika wengi pwani hii, ndiyo iliyowapeleka watafiti kwenye dawa inayowaokoa wajawazito wetu.

Kisha ukaja ugomvi. Kwanza, miaka ya 1950, iligundulika kwamba waliomeza vidonge vyake kwa dozi kubwa na muda mrefu walipata maumivu ya viungo na homa, mfano wa ugonjwa wa lupasi. Lililotikisa wodi za uzazi lilikuja mwaka 2003. Laura Magee na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa majaribio 21 yenye wanawake 893. Walikuta kwamba, ikilinganishwa na dawa nyingine, haidralazini iliendana zaidi na presha kushuka kupita kiasi, kondo kubanduka mapema, upasuaji wa kujifungua na mapigo ya moyo ya mtoto kuvurugika. Wakasema ushahidi hauiungi mkono kuwa chaguo la kwanza mbele ya labetaloli na nifedipini. Lakini waliandika pia kwamba matokeo yao hayana uimara wa kutosha kuongoza tiba. Waliosoma nusu wakaishikilia nusu hiyo.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Mtoto tumboni hulishwa kwa damu ya mama. Presha ikiporomoka, naye hukosa. Ndiyo maana muuguzi huanza na miligramu 5, akizisukuma polepole, huku akipima. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikata shauri: daktari achague kwa uzoefu wake na dawa, bei, na upatikanaji wake mahali alipo. Nadhani uamuzi huo ni wa haki. Labetaloli nzuri iliyoko Dar es Salaam haimsaidii aliyelala Mkange.

Hospitali kubwa zimesogea mbele: Muhimbili ilipata idara ya dharura mwaka 2010, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikasimama mwaka 2015. Kwenye kupima ndiko tumelala, mjini na vijijini. Utafiti wa Ilala, Dar es Salaam, na wa Shari, wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba chini ya mtu mmoja kati ya watano wenye presha alijua anayo, na iliyodhibitiwa haikufika mtu mmoja katika mia. Sindano humfaa aliyepimwa tu.

Mama wa Mkange, Miono na Saadani: kichwa kikikuuma sana ukiwa mjamzito, macho yakaona ukungu au chembe ya moyo ikachoma, usingoje asubuhi. Nenda, na usiondoke hadi wakupime presha.