Sheria za haki miliki: Nani huzishauri nchi zinazostawi?

Nchi inayostawi inapotaka kutunga sheria ya kulinda uvumbuzi, alama za biashara au kazi za wasanii, ni nadra kuanza na karatasi tupu. Huletewa mfano wa sheria, wataalamu wa kuufafanua, na pengine kompyuta za kuhifadhia maombi ya hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Huo ndio huitwa msaada wa kiufundi.

Msingi wake ni Kifungu cha 67 cha mkataba wa TRIPS, ulioanza kutumika 1995 pamoja na kuundwa kwa Shirika la Biashara Duniani (WTO). Kifungu hicho huzitaka nchi tajiri zisaidie nyingine kutayarisha sheria, kuimarisha ofisi na kuwafunza maafisa. Hata hivyo, kina masharti mawili ambayo husahaulika upesi: msaada hutolewa kwa kuombwa, na kwa makubaliano ya pande zote mbili.

Mshauri mkuu ni Shirika la Haki Miliki Duniani (WIPO), lenye makao Geneva. Tofauti na mashirika mengi ya Umoja wa Mataifa, zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake hayatokani na michango ya serikali, bali na ada za wanaoomba ulinzi wa hataza na alama za biashara kimataifa. Si ajabu, basi, kwamba wakosoaji wameuliza iwapo anayelipwa na wenye hataza anaweza kumshauri mnunuzi wa dawa bila kuegemea upande.

Mfano unaotajwa sana ni wa mataifa ya Afrika yanayozungumza Kifaransa, yaliyo chini ya shirika la OAPI lenye makao Yaoundé, Cameroon. Yaliurekebisha Mkataba wao wa Bangui mwaka 1999, WIPO ikiwa miongoni mwa washauri, na mkataba mpya ukaanza kutumika 2002. Nyingi kati ya nchi hizo zilihesabiwa kuwa maskini zaidi duniani, na TRIPS ilikuwa imezipa muhula hadi 2006. Zikaubeba mzigo kabla ya siku yake.

Kenya ilipita njia tofauti, nayo haikuwa nyoofu. Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 iliruhusu dawa zilizokwisha kuuzwa kihalali nchi nyingine ziagizwe kutoka huko kwa bei nafuu, bila idhini ya mwenye hataza. Kwa waliohitaji dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, hilo lilikuwa suala la kufa au kupona. Mwaka 2002, maneno machache yaliyopenyezwa katika marekebisho ya sheria mbalimbali yalirejesha sharti la idhini. Yakaondolewa baada ya wanaharakati kulalamika.

Kisha ikaja Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008. TRIPS hutumia neno ghushi kwa alama za biashara pekee, lakini sheria hiyo ililipanua hadi kwenye hataza. Kwa tafsiri hiyo, dawa halali ya jeneriki, yenye viambato vile vile ila si ya kampuni asilia, ingeweza kukamatwa kama bidhaa bandia. Watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi walikwenda kortini, na Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kuwa vifungu husika vilihatarisha haki ya uhai, utu na afya. Hapa ndipo ushauri wa kweli hupimwa: kuiambia serikali si tu inalopaswa kutimiza, bali pia lile isilolazimika kulifanya.

Malalamiko ya aina hii yalizaa Ajenda ya Maendeleo ya WIPO. Argentina na Brazil ziliwasilisha pendekezo 2004, Kenya na Tanzania zikawa miongoni mwa waliounga mkono, na mapendekezo 45 yakapitishwa 2007. La kwanza lasema msaada ulenge maendeleo, utokane na mahitaji ya nchi yenyewe na uwe wazi. Kuandika ni rahisi. Tathmini huru ya 2011 ilibaini kuwa ndani ya WIPO kwenyewe hapakuwa na ufahamu mmoja wa maana ya kulenga maendeleo.

Mgala muue na haki mpe. Mwaka 2008 WIPO iligharamia mafunzo ya Wamaasai wawili wa Il Ngwesi, Laikipia, na afisa mmoja wa Makavazi ya Kitaifa, katika Maktaba ya Bunge la Marekani na Chuo Kikuu cha Duke. Jamii hiyo ilipewa baadaye vifaa vya kurekodi nyimbo na masimulizi yake yenyewe, na kuamua ni nani atakayeruhusiwa kuyatumia.

Kwa majirani wa Kenya, zikiwemo Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, muda bado upo. Nchi maskini zaidi zimeongezewa muhula wa kutekeleza TRIPS hadi Julai 1, 2034, mradi zisalie katika kundi hilo, na kuhusu hataza za dawa hadi Januari 1, 2033.