Karagosi, ramani na mstari wa katikati ya ziwa

LUSENDA, FIZI – Chukua ramani ya Afrika isiyo na majina, mistari mitupu, umwekee mbele mtoto wa darasa la nne. Kongo ataipata kabla hujamaliza kuuliza. Ni kubwa, iko katikati, ina mkia mwembamba unaotafuta bahari upande wa magharibi, na kule kusini-mashariki ina kisigino kilichokanyaga ndani ya Zambia. Sasa muulize Burundi. Kidole kitaanza kutangatanga.

Mtoto hana kosa. Burundi ina kilomita za mraba 27,834, Kongo ina zaidi ya milioni 2.3. Burundi ingeweza kuingia ndani ya Kongo zaidi ya mara 80. Kwenye ramani nyingi za shule hata jina lake halitoshei ndani ya mipaka yake, inabidi liandikwe pembeni. Njia nyepesi ya kuitafuta ni kuanza na maji. Tafuta ziwa refu jembamba, lenye urefu wa kilomita karibu 670, lililosimama wima kama panga. Panda nalo hadi ncha ya kaskazini. Mkono wa kulia ni Burundi, mkono wa kushoto ni Uvira. Shuka kidogo upande wa kushoto utaona kidole cha nchi kavu kimejitokeza majini. Hicho ni Ubwari, na aliyekiona Ubwari ameshaipata Fizi, Baraka na Lusenda.

Kwingine mchezo huu ni chemsha bongo ya kupitisha jioni. Lusenda una uzito wake. Kambi ilifunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi waliokuwa wanakimbia, na watoto waliozaliwa humo wamefika umri wa kusoma ramani. Mtoto kama huyo akiambiwa aonyeshe nchi yake, anaangalia pande mbili za ziwa kabla ya kujibu. Basi inafaa ajue mistari ile imetoka wapi, na ina umri gani.

Tuanze na Ubwari wenyewe. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakielekea kaskazini. Pamoja nao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India, na ambaye bila yeye wale wawili wasingeelewana na watu wengi njiani. Walipita Ubwari, na Burton akaandika kwamba ni kisiwa. Si kisiwa, kila mvuvi wa ndakala anajua, umeshikana na nchi kavu. Ajabu ni kwamba ghuba iliyo kati ya Ubwari na Baraka ilikuja kuitwa Ghuba ya Burton, na kwenye ramani za Wazungu inaitwa hivyo mpaka leo. Amekosea mahali, na mahali pakapewa jina lake.

Walipofika Uvira walikuwa na swali moja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Ungekuwa unatoka kuelekea kaskazini, wangesema wamepata chanzo cha Nile. Watoto wa mtemi wa Uvira waliwajibu wazi kwamba unaingia. Jibu lilikuwa sahihi, lakini huko Ulaya halikutosha kumaliza ubishi. Ilibidi kungoja miaka 13, mpaka Livingstone na Stanley walipokwenda pamoja mwaka 1871 na kuona kwa macho yao maji ya Ruzizi yakiingia ziwani. Ndipo ikaandikwa kuwa kweli.

Watu wengi husema Afrika iligawanywa Berlin kwa siku moja kama keki. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1884 ukafungwa Februari 1885. Walikuwepo wajumbe wa mataifa 14, na hakukuwa na Mwafrika hata mmoja. Lakini mistari mingi haikuchorwa mezani pale. Ilichorwa kabla na baada, kwa makubaliano ya wawili wawili, barua kwa barua. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya Kongo yake mwaka huohuo wa 1885. Katika ziwa Tanganyika, mpaka uliwekwa kwenye mstari wa katikati ya maji. Kutoka ncha ya kaskazini ya ziwa, ukavutwa mstari mnyoofu wa rula hadi mahali digrii 30 za mashariki zinapokutana na digrii 1 na dakika 20 za kusini.

Chukua rula ujaribu. Mstari huo unakata kona ya Burundi kisha unapasua Rwanda. Mwezi Gisabo alikuwa anatawala Burundi, Rwabugiri anatawala Rwanda, na hakuna aliyewauliza. Waliochora hawakuwa wameliona hata ziwa Kivu. Ofisa wa Kijerumani, Graf von Götzen, ndiye aliyefika huko mwaka 1894. Baada ya hapo Wajerumani na watu wa Leopold wakaanza kugombania Kivu, mpaka mwaka 1910 walipopatana huko Brussels kwamba mpaka upite katikati ya ziwa Kivu na kufuata Ruzizi. Ule mto ambao Burton alikuwa anauliza mwelekeo wake ukawa ukuta kati ya watu waliokuwa wanauvuka kwenda sokoni.

Jina la Götzen lilirudi ziwani kwa njia nyingine. Wajerumani waliunda meli kwao, wakaifungua vipande vipande, wakaileta hadi Kigoma na kuiunga upya. Ilishushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua, wakaipa jina la Liemba. Mei 2015, Warundi walipojazana kwenye kijiji cha Kagunga upande wa Tanzania, meli iliyowabeba kwenda Kigoma ilikuwa hiyohiyo Liemba. Meli iliyozaliwa kwa ajili ya kulinda mstari ikaishia kubeba watu wanaoukimbilia.

Rangi za ramani nazo hazikutulia. Burundi ilikuwa ya Wajerumani, Wabelgiji wakaichukua mwaka 1916, ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Kongo ilipata uhuru wake tarehe 30 Juni 1960, ikaitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Ndiyo maana bibi akikamata ramani ya zamani anaweza kumwonyesha mjukuu nchi ambayo haipo tena, na asiwe amekosea.

Mstari wa ziwani una kazi ambayo watu wa Lusenda wanaijua kuliko walimu wengi wa jiografia. Aliyeuvuka anaitwa mkimbizi. Asiyeuvuka, hata kama ameshuka siku nyingi kwa miguu kutoka milima ya juu ya Fizi na nyumba yake imechomwa, anaitwa mhamishwa wa ndani. Wote wawili wamekimbia risasi. Ila kwenye makaratasi ni watu wa aina mbili, kila mmoja na orodha yake na mlango wake wa kupitia. Majirani wawili hulinganisha vitu walivyopewa na wasivyopewa, na asili ya tofauti yao ni ule mstari wa 1885.

Na watu wameuvuka kwa zamu. Mwaka 1972 Warundi walikimbilia Zaire na Tanzania. Mwaka 1996 watu wa Fizi na Uvira ndio waliovuka kwenda Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa kwa ajili yao. Mwaka 2015 Warundi walikuja huku. Februari 2025, baada ya Bukavu kuanguka, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka kwenda Burundi, wengine kwa kuogelea Ruzizi. Hakuna upande unaoweza kumcheka mwenzake.

Swali la pili la chemsha bongo linahusu karagosi: ni karagosi gani aliyetembea kwa miguu nchi nane?

Kwanza neno lenyewe, kwa sababu nalo limesafiri. Kwa Waturuki kuna mchezo wa kale wa vivuli unaoitwa Karagöz, maana yake jicho jeusi. Picha za ngozi, bapa, zinachezeshwa nyuma ya kitambaa cheupe chenye taa, na mtu mmoja aliyejificha anasema sauti zote, ya bwana, ya mke, ya mlevi, ya mgeni asiyejua lugha. Wamisri wana aragoz wao wa kuvaliwa mkononi. Kiswahili kikapata karagosi. Kuna pia neno kibaraka, la mtu anayechezeshwa na mwingine, na wenye mji wa Baraka wasikasirike, majina tu yamefanana.

Karagosi ana ruhusa ambayo mtu hana. Mwaka 2009 nchini Kenya kilianza kipindi cha televisheni kinachoitwa The XYZ Show, kilichobuniwa na Gado, mchoraji wa katuni aliyezaliwa Dar es Salaam. Wanasiasa wakubwa walionekana humo kama sanamu za mpira zenye pua ndefu na matumbo, wakisema hadharani mambo ambayo raia huyasema kwa kunong'ona.

Aliyetembea nchi nane ni msichana. Anaitwa Amal, neno la Kiarabu lenye maana ya tumaini. Alitengenezwa na Handspring, kampuni ya makaragosi ya Cape Town iliyoanzishwa mwaka 1981. Ana urefu wa mita tatu na nusu. Mtu mmoja yuko ndani yake juu ya magongo marefu, anatembeza miguu na kuvuta nyuzi zinazogeuza macho na kichwa, wengine wawili wanashika mikono. Katika hadithi yake ni mtoto Msiria wa miaka tisa anayemtafuta mama yake.

Alianza tarehe 27 Julai 2021 huko Gaziantep, Uturuki, karibu na mpaka wa Siria. Weka kidole hapo kwenye ramani ya dunia, halafu umfuate: Uturuki, Ugiriki, Italia, Uswisi, Ujerumani, Ubelgiji, Ufaransa, Uingereza. Ni kilomita kama 8,000, na alifika Manchester tarehe 3 Novemba. Baadhi ya waliomchezesha ni watu waliowahi kuwa wakimbizi wenyewe.

Mapokezi hayakufanana. Kwenye miji mingi watoto walimkimbilia wakamshika vidole. Papa Francis alimpokea Vatikani. Lakini mji wa Larissa, Ugiriki, kuna watu waliomrushia mawe, na huko Meteora, penye monasteri juu ya majabali, alikatazwa kupita. Mtu aliyelala kwenye shule au kanisa la watu wengine anaweza kuona hapo kitu anachokijua. Mawe yalirushwa kwa sanamu isiyokula chakula cha mtu yeyote wala kuomba shamba.

Kazi hiyo ilikuwa na ujanja wake. Anayevuka mpaka usiku kwa mtumbwi hujificha asionekane, na akishaonekana anageuka namba. Amal aliundwa mrefu makusudi, asiweze kujificha, na barabara ikafungwa kwa ajili yake mchana kweupe. Ni kweli pia kwamba alipita mipaka ambayo mtoto halisi wa Siria angerudishwa. Walinzi walimfungulia kwa sababu walijua ndani yake hakuna mtu anayetaka kubaki.

Watu walioandaa safari ya Amal walirudi na safari nyingine mwaka 2025, iitwayo The Herds. Safari hii karagosi ni wanyama wa ukubwa wa kweli, waliotengenezwa kwa karatasi ngumu za maboksi na mbao nyembamba, wakikimbia joto la dunia kutoka msitu wa Kongo hadi kaskazini ya mwisho ya Norwei, karibu kilomita 20,000. Walianzia Kinshasa mwezi wa Aprili. Ilikuwa wiki chache tu tangu watu walipoogelea Ruzizi.

Kutoka Kinshasa hadi Lusenda, ukipima kwa rula, ni kama kilomita 1,500. Wanyama wale walielekea Lagos, kisha Dakar, kisha Moroko na Ulaya. Mashariki ya Kongo haikuwa kwenye njia yao.