Nyumba ya Kumbukumbu na Majina ya Wapagazi



Kule Nyeri ipo nyumba ndogo iitwayo Paxtu, iliyojengwa mwaka 1938. Humo ndimo alimokaa Baden-Powell, jemadari mstaafu wa Uingereza, hata alipofariki Januari 1941, vita vikiendelea. Leo nyumba hiyo ni makumbusho yake.

Nasi twauliza: iko wapi nyumba ya wapagazi wa Kitui na Makueni? Katika vita vya 1914 hadi 1918 vijana wengi wa Ukambani walitwaliwa kuchukua mizigo ya jeshi mpaka nchi iliyotawaliwa na Wadachi. Wapagazi waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Jina la kikosi chao limesalia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, bali majina yao wenyewe yamepotea. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakuandikwa popote.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta jengo la zamani na kulipaka chokaa, yafaa tukusanye majina. Kila utui na uulize: nani alikwenda, nani hakurudi? Kadhalika zitunzwe nishani na barua za askari wa K.A.R. waliopigana Burma mwaka 1944.

Wajukuu wa wapagazi nao wamekuwa wazee. Tusipowauliza sasa, nyumba itapatikana nasi hatuna la kuandika ukutani.