Mafuta kwenye Kiti cha Ngozi: Kutoka Zanzibar hadi Roseville

Majira ya baridi yaliyopita nilinunua kiti cha ngozi kwa jirani aliyekuwa akihama hapa Roseville. Kilikuwa cha rangi ya kahawia, kizuri, ila sehemu ya kuegemeza kichwa ilikuwa imefifia na kuanza kukakamaa. Nikafanya ambalo angefanya mtu yeyote aliyelelewa nyumbani kwetu: nikachukua mafuta ya nazi nikakipaka. Ngozi ikikauka hupakwa mafuta. Hilo tunalijua tangu utotoni, iwe ngozi ya mwili au ya makubadhi. Baada ya wiki mbili kiti kilikuwa na madoa meusi, kikawa kinanata, na vumbi limeganda juu yake.

Makala hii imetokana na aibu hiyo. Je, maarifa ya nyumbani yalikuwa ya uongo? Jibu langu ni hapana. Yalikuwa ya kweli, lakini yalihusu ngozi ya namna nyingine. Ili kujua ngozi ilibadilika lini, hatuna budi kurudi kwenye historia.

Tuanze na methali: ngozi ivute i maji, yaani ivute ingali mbichi. Waliosema hivyo walijua kazi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe ikiachwa ikauke bila kuvutwa hujikunja na kuwa ngumu kama ubao. Huwambwa chini kwa vigingi, hukwanguliwa nyama na manyoya, kisha husuguliwa kwa mafuta hadi ilainike. Kwa Wamaasai kazi hii ilikuwa ya wanawake, ambao walishona ngozi hizo kuwa mavazi. Ngozi ya aina hiyo haina kinga nyingine isipokuwa mafuta yanayopenya ndani yake. Yakiisha, huongezwa mengine. Hapo ndipo lilipozaliwa somo letu la nyumbani.

Namna ya pili ya kusindika ngozi ni kwa magome ya miti. Magome yana tanini, ambayo hushikana na ngozi na kuizuia isioze. Pwani yetu ilikuwa na mikoko ya kutosha. Wakati wa utawala wa Wajerumani, magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalivunwa na kusafirishwa Ulaya kwa kazi hiyo. Baadaye ikaja miwati, mti wenye asili ya Australia, na mwaka 1949 kampuni ya kuilima na kukamua tanini yake ikaanzishwa Njombe. Ngozi ya magome nayo hupenda mafuta, kwa kuwa uso wake uko wazi.

Wamarekani waliijua ngozi yetu mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, akafika Zanzibar kuwa konsuli. Tarehe 30 Aprili 1840 meli ya Sayyid Said iitwayo Sultana ilitia nanga New York, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Katika shehena yake mlikuwa na pembe za ndovu, karafuu, tende, kahawa, sandarusi, na ngozi 1,000 zilizotiwa chumvi na kukaushwa. Kitabu cha historia hukumbuka pembe na karafuu. Lugha yetu nayo imeikumbuka nguo iliyokuja kwa njia hiyo hiyo, ndiyo merikani. Ngozi imesahauliwa. Wafanyabiashara wa Salem waliinunua Zanzibar ikiwa ghafi, na viwanda vya kwao vikaisindika kwa magome. Ujuzi wa wanawake waliozikwangua na kuzilainisha ngozi haukuwa na bei katika biashara hiyo.

Hadi hapo mafuta yangu ya nazi yangefaa. Mabadiliko yalikuja mwaka 1884, Augustus Schultz wa New York alipopata hataza ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromu. Kazi iliyochukua miezi katika mashimo ya magome sasa ilimalizika kwa siku chache. Sehemu kubwa ya ngozi duniani leo husindikwa kwa kromu. Hata hapa Minnesota kazi ya ngozi ina umri mkubwa: kiwanda cha S.B. Foot kilianzishwa mjini Red Wing mwaka 1872, miaka 12 kabla ya hataza hiyo.

Ngozi nyingi za makochi, baada ya kromu, hutiwa mafuta kiwandani, kisha hupakwa rangi na utando mwembamba wa kinga. Tunapokifuta kiti, tunachogusa ni utando huo. Mafuta ya jikoni hayapenyi. Hukaa juu, huulainisha utando na kukamata vumbi. Ndivyo kilivyoharibika kiti changu.

Basi tukitunzeje? Kwanza tujue ni ngozi gani. Dondosha tone la maji mahali pasipoonekana. Likikaa juu, ngozi ina utando. Likinywewa, uso wake uko wazi nao huhitaji uangalifu zaidi. Ile yenye utando ondoa vumbi, ifute kwa kitambaa laini chenye unyevu na sabuni isiyo kali, kisha ikaushe kwa kitambaa kingine. Amonia na siki ziache. Ikihitaji kulainishwa, tumia krimu iliyotengenezwa kwa ngozi za samani, kidogo tu. Hapa Roseville, ambako Januari joto linaweza kushuka chini ya 0 Farenihaiti, hewa ya tanuru hukausha kila kitu ndani ya nyumba, kwa hiyo kiti kiwe mbali na tundu la hewa ya moto na mbali na jua la dirishani.

Na ile sehemu ya kichwa? Iliharibiwa na mafuta kabla yangu mimi: mafuta ya nywele. Tatizo hili ni la zamani. Katika karne ya 19 Waingereza walipenda mafuta ya nywele yaliyoitwa Macassar, na wenye nyumba wakaanza kutandika vitambaa migongoni mwa viti ili kuvikinga. Ni kazi ile ile inayofanywa na vitambaa vya kufuma vilivyotandazwa kwenye makochi ya mama zetu Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, ambavyo sisi vijana huvicheka kuwa ni ushamba.

Mama alikuwa sahihi mara mbili: mafuta kwa makubadhi, kitambaa kwa kochi. Mimi ndiye niliyechanganya. Kiti changu sasa kina kitambaa cheupe mgongoni, na wageni wa Roseville huuliza kimetoka wapi.