Dubu Mweusi wa Louisiana na Msitu wa Bondeni

Dubu mweusi wa Louisiana ni jamii ndogo ya dubu mweusi wa Marekani. Makao yake ya asili ni Louisiana, sehemu za Mississippi na mashariki mwa Texas, hasa misitu ya mabondeni ambayo mto Mississippi na mito inayohusiana nao huifurikia kila mwaka. Misitu hiyo ilikuwa na mialoni, miti ya sipresi na vichaka vya mianzi visivyopenyeka.

Msitu humpa dubu huyu chakula na malazi. Mbegu za mialoni zinazopukutika kabla ya majira ya baridi ndizo humnenepesha. Jike hupandwa wakati wa kiangazi, lakini mimba haianzi kukua mpaka mwisho wa mwaka, naye huzaa Januari au Februari akiwa katika usingizi wa baridi. Kwa kuwa maji hujaa bondeni miezi hiyo, majike wengi hulala juu, ndani ya mashina makuukuu ya sipresi yenye uwazi. Huzaa mara moja tu kila baada ya miaka miwili. Madume wachanga huenda mbali kutafuta makao. Mabinti hukaa jirani na mama zao. Tabia hiyo ya mabinti, ambayo haina madhara msitu ukiwa mmoja, ndiyo iliyokaribia kuwaangamiza msitu ulipokatwa vipande vipande.

Uwindaji ndio uliotangulia kuwapunguza. Novemba 1902 Rais Theodore Roosevelt alikwenda kuwinda Mississippi, akiongozwa na Holt Collier, mwindaji hodari aliyezaliwa utumwani. Collier alimkamata dubu akamfunga kwenye mti. Roosevelt akakataa kumpiga risasi mnyama aliyefungwa. Clifford Berryman alichora katuni ya tukio hilo, na Morris Michtom, mwenye duka Brooklyn, akaanza kuuza wanasesere wa dubu kwa jina la rais. Katika masimulizi mengi hatima ya dubu mwenyewe husahauliwa: aliuawa kwa kisu, kwa amri ya rais huyohuyo. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1932, Mississippi ilipiga marufuku uwindaji wa dubu, wakati waliosalia jimboni walikuwa wachache mno.

Hata hivyo, pigo kubwa zaidi lilikuwa la shoka na trekta. Baada ya mafuriko makuu ya 1927 serikali ilijenga matuta marefu ya kuzuia maji, na ardhi iliyokuwa kinamasi ikafaa kulimwa. Kandokando ya mto Tensas, huko Louisiana, msitu mkubwa uliojulikana kama Singer Tract ulikatwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Huko ndiko kigong'ota mdomo-pembe alikoonekana kwa uhakika kwa mara ya mwisho, mwaka 1944. Bei ya soya ilipopanda katika miaka ya 1960 na 1970, hata misitu ya bondeni kabisa ilifyekwa. Kati ya ekari zipatazo milioni 24 za msitu wa bonde la Mississippi ya chini, zilibaki pungufu ya milioni 5.

Louisiana ilijaribu kwanza kuleta dubu wa nje. Kati ya 1964 na 1967 dubu 161 walitolewa Minnesota wakaachiliwa Louisiana. Wengi walikufa au walitangatanga, na tatizo la makao lilibaki palepale. Jimbo lilifunga uwindaji mwaka 1988, na 1992 serikali kuu ikamweka dubu huyo katika orodha ya wanyama walio hatarini. Sheria ililinda hata miti mikubwa yenye uwazi ambamo majike hulala, uamuzi wa busara, kwani mti wa namna hiyo huchukua vizazi vya watu kukua.

Wakati huohuo mpango wa serikali ulioanzishwa 1990 uliwalipa wakulima ili warudishe miti kwenye mashamba yaliyokuwa yakifurika. Misitu ilianza kuungana, lakini majike hawakuhama kwa kasi. Kwa hiyo, kuanzia 2001 hadi 2009, wataalamu waliwachukua mama waliokuwa wamelala pamoja na watoto wao wachanga, wakawahamishia eneo la makutano ya mito, kati ya mabonde ya mto Tensas na mto Atchafalaya. Mama mwenye watoto wasioweza kutembea hawaachi arudi kwao. Watoto wakishakua, naye amekwisha kuzoea. Hivyo uaminifu wa jike kwa mahali pake, uliokuwa umewatenga dubu, ukatumika kuwaunganisha.

Mwaka 2016 dubu wa Louisiana aliondolewa kwenye orodha, idadi ikikadiriwa kuwa 500 hadi 750. Waliopinga walisema kwamba damu ya dubu wa Minnesota imechanganyika na ya wale wa Atchafalaya ya juu, na kwamba makundi bado hayajaunganika vya kutosha. Desemba 2024 Louisiana ilifungua tena msimu wa uwindaji, kwa vibali vichache vilivyotolewa kwa bahati nasibu.