Daftari la mnunuzi lilivyofichua uzao wa Priscilla

MWAKA 1756 mwenye mashamba ya mpunga wa South Carolina, Marekani, aliyeitwa Elias Ball alinunua watoto sita mjini Charleston, wavulana wanne na wasichana wawili. Alipofika nyumbani alifungua daftari lake la hesabu akaandika majina aliyowapa: Sancho, Peter, Brutus, Harry, Belinda na Priscilla. Umri wao aliukisia kwa macho tu. Belinda na Priscilla aliwapa miaka kumi, na wavulana wote walikuwa wadogo kuliko wao. Majina waliyopewa na wazazi wao hayamo.

Mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 270 tangu wino ule ukauke, na daftari lenyewe bado linatoa ushahidi.

Ukoo wa Ball ulianza South Carolina mwaka 1698, baba yake Elias huyo alipotoka Devon, Uingereza, kurithi shamba la Comingtee kando ya mto Cooper. Hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vinamalizika mwaka 1865, ukoo ulikuwa umemiliki mashamba zaidi ya 20 na watumwa wanaokaribia 4,000. Mali iliandikwa: nani amezaliwa na mama yupi, nani kagawiwa blanketi, nani kapewa viatu, nani amekufa. Zimebaki zaidi ya kurasa 10,000, na sasa ziko katika maktaba za South Carolina na North Carolina.

Thamani ya kurasa hizo inaeleweka ukitazama sensa ya Marekani. Mwaka 1850 na 1860 watumwa walihesabiwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Ni sensa ya 1870 iliyowataja kwa mara ya kwanza watu hao waliokuwa wameachwa huru, kila mmoja kwa jina lake. Mmarekani Mweusi anayetafuta mababu zake hufika 1870 akakwama. Ili avuke, ni lazima kwanza ajue ni nani aliyewamiliki, kisha apekue wosia wa mtu huyo, orodha za mirathi, hati za rehani na madaftari ya shamba. Watu wengi kwenye madaftari hayo wana jina moja tu. Hapo mtafiti huangalia jina la mama na watoto wake wanaofuatana, halafu anaulinganisha mfuatano huo na kaya zilizokutwa jirani na shamba lilelile mwaka 1870. Ni kazi ya subira, na huumiza moyo, maana bibi wa mtu ameandikwa na bei yake pembeni.

Katika miaka ya 1990 mwandishi Edward Ball, mzao wa ukoo huo, aliamua kuwatafuta wajukuu na vitukuu wa watu ambao babu zake waliwamiliki. Baadhi ya jamaa zake walikasirika. Walimtaka ayaache yaliyopita. Walihofia aibu, na walihofia hasira za watu weusi. Hakuwasikiliza, na alifanya vema. Kitabu chake, Slaves in the Family, kilitoka mwaka 1998 na kushinda tuzo ya taifa ya vitabu ya Marekani. Hofu ya aibu ina uzito gani mbele ya mtu asiyejua bibi yake alizikwa wapi?

Kwa daftari lile, Ball aliufuata uzao wa Priscilla kizazi baada ya kizazi hadi kwa familia inayoishi Charleston. Priscilla alizaa watoto kumi na kufariki mwaka 1811. Kwao kulifahamika kupitia nyaraka nyingine, zilizofuatiliwa na Joseph Opala, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi Sierra Leone miaka mingi. Katika maktaba moja ya New York zilikuwapo karatasi za jahazi Hare la Newport, Rhode Island, lililopakia watu Sierra Leone. Kumbukumbu za mnada wa watu hao, uliosimamiwa na kampuni ya Henry Laurens, zinamtaja Elias Ball miongoni mwa wanunuzi. Ni nadra sana mnyororo wa nyaraka kuunganika hivyo, kutoka pwani ya Afrika hadi kwa mtu aliye hai. Mwaka 2005 mwanamke wa kizazi cha saba cha Priscilla alikwenda Sierra Leone kwa mwaliko wa serikali ya nchi hiyo, na watu wakampokea kama mtoto wao aliyerudi.

Tangu hapo intaneti imerahisisha mengi. Mwaka 2016 watu wa kujitolea walikamilisha kuorodhesha karibu majina milioni 1.8 kutoka nyaraka za idara iliyowahudumia walioachwa huru.

Lakini madaftari mengine bado yamo masandukuni mwa familia za waliokuwa mabwana. Yaliandikwa kwa ajili ya faida ya mmoja, ila waliomo ndani wana uzao, na uzao huo una haki ya kuyasoma. Anayeyashikilia ayapeleke maktaba leo, kabla mchwa na unyevu havijayamaliza.